Kero ya darini huanzia kwa fundi

Jua likizama, kwenye nyumba nyingi za mabati kuanzia Mtwara hadi Lamu, popo hutoka mmojammoja kwenye uwazi ulio kati ya ukuta na paa, wakaenda kutafuta wadudu. Alfajiri hurudi palepale. Wenye nyumba huvumilia mpaka doa la mkojo litokeze kwenye silingi bodi na harufu ishuke vyumbani, kisha humwita mtu wa kupuliza dawa, au huwasha moshi, au hununua sumu. Wiki chache baadaye popo wapo vilevile, au wamekuja wengine. Ninachosema katika makala haya ni kwamba tunapigana na mnyama ilhali tatizo ni jengo. Kumtoa mnyama akiwa hai, kisha kuziba alikopita, huonekana kwa wengi kuwa ni jambo la wapenda wanyama wenye nafasi. Ukweli ni kwamba ndiyo njia pekee inayoimaliza kazi. Na kwa kuwa tatizo ni jengo, wa kwanza kuulizwa awe yule aliyelijenga, na baada yake yule aliyeruhusu lijengwe hivyo.

Tulitazame basi hilo jengo. Paa la kawaida la mabati hukaa juu ya kenchi na papi, na bati lenyewe lina migongo. Pale bati linapokutana na ubao wa pembeni, ule ambao mafundi huuita fisha bodi, kila mgongo huacha tundu la nusu duara, na matundu hayo huizunguka nyumba. Juu kabisa, kofia ya paa isipobanwa vizuri huacha ufa mwembamba unaokwenda urefu wote wa nyumba. Kichwani mwa ukuta hubaki nafasi ambayo haikujazwa, kwa sababu tofali za mwisho zilikatwa vibaya au hazikuwekwa kabisa, na fundi alijua kuwa silingi itamficha. Popo mdogo anayekula wadudu hupita kwenye nafasi ya sentimita moja na nusu, isiyotosha kidole gumba cha mtu mzima. Kwake dari ni pango: pana giza, pakavu, pametulia. Aina moja iliyoenea sehemu kubwa ya Afrika, ambayo wataalamu huiita Mops condylurus, huishi chini ya bati lenye joto linalozidi nyuzi 40, joto ambalo wanyama wengi wadogo wangelikimbia. Miti mikubwa yenye mashimo, ambako popo hawa waliishi zamani, tumeikata ili kupata viwanja, na juu ya viwanja hivyo tumeezeka mapaa yenye kila kitu wanachokitafuta. Hakuna uvamizi hapo. Kuna mnyama aliyekuta mlango uko wazi.

Tiba zinazouzwa haziugusi mlango huo. Taa ya kuwasha darini usiku kucha huwahamisha popo kutoka kona moja hadi nyingine. Vifaa vinavyodaiwa kutoa sauti isiyosikika na binadamu havijathibitishwa kuwa vinawaondoa popo kwenye makazi waliyoyazoea. Moshi huwatoa kwa muda, na juu ya mbao kavu za kenchi ni mwaliko wa moto. Dawa ya nondo, zile tembe nyeupe za kuwekwa kabatini, hutawanywa darini kwa kilo, ingawa mvuke wake hushuka moja kwa moja kwenye vyumba wanakolala watoto. Hili lapaswa kusemwa kwa sauti kubwa hapa kwetu kuliko kwingine. Nafthalini iliyomo ndani ya tembe hizo huweza kupasua chembe nyekundu za damu za mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na upungufu huo, ambao ni wa kurithi, hupatikana sana kwa watu wa maeneo yenye historia ndefu ya malaria. Pwani ya Afrika Mashariki ni mojawapo ya maeneo hayo. Mzazi anayepambana na harufu ya popo kwa nafthalini huenda anamweka mtoto wake mchanga kwenye hatari kubwa kuliko ile anayoikimbia.

Sumu ina ubaya wake wa ziada. Popo aliyepuliziwa sumu hafi akatoweka. Huanguka sebuleni, uani, kwenye ndoo ya maji, akiwa nusu hai, na huokotwa na mtoto au huchezewa na paka. Popo mzima humkwepa binadamu. Anayeuma mara nyingi ni yule aliyelegea, akashikwa kwa mkono mtupu. Wanaokufa darini huoza humohumo na kuleta nzi. Na tundu liko wazi bado, likisubiri kundi lingine ambalo litafuata harufu ya makazi ya zamani.

Ushahidi mzito kuhusu kuangamiza popo unatoka jirani, magharibi mwa Uganda. Mwaka 2007 wachimbaji katika mgodi wa Kitaka waliugua Marburg, ugonjwa hatari wa jamii moja na Ebola. Popo wa matunda waliojaa mgodini humo, waliokadiriwa kuzidi laki moja, wakaangamizwa mwaka uliofuata. Mwaka 2012 Marburg ililipuka tena Uganda, na Ibanda, mji usio mbali na mgodi huo, ulikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoguswa. Watafiti waliporudi Kitaka walikuta popo wamerejea, wachache sana wakilinganishwa na wale wa mwanzo. Lakini kiwango cha waliobeba virusi kilikuwa asilimia 13.3, wakati kabla ya mauaji kilikuwa asilimia 5.1. Maelezo ya kisayansi yanayopendekezwa hayana ugumu: kundi la zamani likifutwa, nafasi hujazwa na popo wageni ambao hawajawahi kuambukizwa, hawana kinga, na virusi husambaa kati yao kwa kasi. Popo wa Kitaka si wa aina moja na wa darini kwetu, na mgodi si nyumba. Hata hivyo kanuni ni ileile, kwamba makazi mazuri yakiachwa wazi hayakai matupu.

Kazi yenyewe, basi, hufanywaje? Huanza kwa kutazama. Jioni mbili tatu watu wawili husimama nje, kila mmoja upande wake wa nyumba, kuanzia jua linapozama hadi giza linapoingia, na huweka alama kila mahali popo anapotokea. Mchana alama hizo huthibitishwa: tundu linalotumika huwa na weusi wa mafuta kwenye kingo zake na kinyesi chini yake. Kinyesi cha popo hufanana na cha panya kwa umbo, ila kikisagwa kati ya vidole vilivyovaa glavu huwa unga unaong'aa kwa vipande vya mabawa ya wadudu. Cha panya ni kigumu, hakivunjiki hivyo. Tofauti hii ndogo huokoa fedha nyingi, kwa kuwa mtu anayedhani ana popo kumbe ana panya hufanya kazi isiyomhusu. Baada ya hapo huzibwa matundu yote yasiyotumika, nyumba nzima, kwa saruji, kwa mbao, kwa silikoni, au kwa wavu wa chuma, mpaka yabaki yale tu ambayo popo wanayatumia kutoka.

Hayo yaliyobaki ndiyo hugeuzwa kuwa mlango wa kutokea tu. Kipande cha wavu laini wa plastiki hupigiliwa juu ya tundu na pembeni, kikaachwa kining'inie kama nusu mita chini ya tundu, wazi upande wa chini. Popo akitoka hutambaa kushuka nyuma ya wavu na kuruka zake. Akirudi hulilenga tundu lenyewe, kwa kuwa hapo ndipo alipozoea, hukuta wavu, wala hajui kuzunguka kwa chini. Mahali pengine fundi hutumia kipande cha bomba la plastiki la upana wa kama sentimita tano, kilichoelekezwa chini: ndani ni rahisi kuteleza kutoka, nje hakuna pa kushika kucha. Huachwa hivyo kwa wiki nzima, maana kuna popo ambao hawatoki kila usiku, hasa mvua ikinyesha. Jioni ikipita bila popo hata mmoja kutoka, wavu hutolewa na tundu huzibwa siku hiyohiyo. Na hapa popo ana sifa moja inayowafaa sana wenye nyumba: hatafuni. Panya huzibua, popo hawezi. Kilichozibwa vizuri kimezibwa.

Usafi hufuata, nao una taratibu zake. Kinyesi cha zamani huweza kuotesha fangasi ambao vumbi lake likivutwa huleta ugonjwa wa mapafu uitwao histoplasmosisi, kwa hiyo hakifagiliwi kikiwa kikavu. Hunyunyiziwa maji yenye sabuni kwanza, hukusanywa kwa koleo na kutiwa mifukoni, na anayefanya kazi huvaa barakoa inayobana vizuri, glavu na nguo atakazozifua mara moja. Kijana anayepewa ufagio na kupandishwa darini bila chochote, kama inavyofanyika majumbani mwetu, anadhulumiwa.

Kuna sharti moja lisilovunjwa: wavu hautundikwi wakiwamo watoto wasioweza kuruka. Popo jike huzaa mtoto mmoja kwa kawaida, na kwa wiki kadhaa mtoto huyo hubaki darini mama anapokwenda kuwinda. Mama akizuiwa kurudi, watoto hufa kwa njaa juu ya vichwa vya watu, na harufu itakayofuata itazidi ile ya kwanza. Wengi huzaa majira ya mvua, wadudu wanapokuwa tele, na aina nyingine huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, kwa hiyo kalenda peke yake haitoshi. Lazima mtu achungulie kwa tochi usiku, wakubwa wakiwa wametoka, aone kama kuna vitoto vimebaki. Sharti hili linawahusu pia komba wanaolia darini Tanga na Zanzibar, na kanu anayezalia juu ya stoo. Kusubiri wiki sita si hasara kwa nyumba iliyokaa na wanyama miaka mitatu. Mwenye haraka hiyo aielekeze kwenye kuziba matundu mengine yote wakati akisubiri.

Nijibu sasa pingamizi ambalo najua litakuja kutoka kwa yeyote aliyewahi kufungua gunia la mchele na kukuta limetobolewa: panya je? Kwa panya wa nyumbani sisemi kwamba kila mmoja atolewe kwa upole na kupelekwa porini. Huyo hana pori. Maisha yake yote yamo kwenye makazi yetu, hubeba magonjwa, na pale alipokwisha kuingia mtego wa kubana unaoua papo hapo ni halali machoni pangu. Upole kwake ni kumaliza haraka. Ndiyo maana naipinga gundi ya panya inayouzwa kila kona ya mji. Panya aliyenaswa humo hufa kwa saa nyingi, akijikojolea na kujirarua ngozi, mara nyingi akatupwa jalalani akiwa hai. Uingereza imeipiga marufuku gundi hiyo kwa wananchi wa kawaida. Sheria ilipitishwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika England Julai 2024. Hakuna sababu ya sisi kubaki nyuma kwa jambo ambalo halihitaji bajeti.

Sumu ya panya ni habari nyingine, na ni ya kutisha. Zile za dukani zenye kuzuia damu kuganda, kama brodifacoum, humwua panya baada ya siku kadhaa, na siku hizo zote anatembea akiwa na sumu mwilini. Bundi akimla, au paka, sumu huhamia kwenye ini lake. Tunamwua hivyo mwindaji mkubwa wa panya aliyepo mjini, ndege ambaye tayari anapigwa mawe kwa imani kwamba huleta msiba. Siwabezi walioirithi imani hiyo kutoka kwa wazee wao. Nawaomba wapime tu kinachotendeka kwenye ghala la mahindi lenye bundi na lisilo na bundi. Kisha kuna sumu zisizo na jina, zinazouzwa kwa vipakiti barabarani. Oktoba 2024 watoto sita walikufa Naledi, Soweto, nchini Afrika Kusini, na uchunguzi wa serikali ulibaini kuwa waliuawa na terbufos, kiuatilifu cha mashambani kinachouzwa mitaani kama sumu ya panya. Biashara ya aina hiyo hatuna haja ya kuvuka mpaka kuiona. Panya mdogo hupita kwenye tundu la milimita sita. Tundu hilo hujazwa kwa stili waya, ile ya kusugulia masufuria, kisha saruji juu yake, na kazi hiyo haijawahi kuua mtoto wa mtu.

Wako wanaodhani kwamba huruma ni kumkamata mnyama na kumpeleka mbali. Kwa tumbili wazo hili hupendwa sana, na hoteli za pwani zimewahi kulitamani. Lakini kundi la tumbili lina eneo lake. Ukilihamisha, aidha litaingia eneo la kundi jingine na kupigwa, au litatafuta jiko la mtu mwingine, na kule lilikotoka, kama migomba, mapipa na watalii wenye ndizi mkononi bado vipo, kundi jipya litaingia. Isitoshe, sheria za wanyamapori, ya Tanzania ya mwaka 2009 na ya Kenya ya mwaka 2013, hazimruhusu mtu kukamata na kusafirisha mnyama wa porini kwa hiari yake. Diani, kusini mwa Mombasa, kuna funzo zuri zaidi. Shirika la Colobus Conservation, lililoanza mwaka 1997, limetundika madaraja ya kamba juu ya barabara ili mbega na tumbili wavuke bila kukanyagwa na magari, limehimiza matawi yakatwe mbali na nyaya za umeme, na halichoki kuwaambia wageni wasiwalishe tumbili. Kwa nyumba ya kawaida masharti ni yaleyale: matawi yawe mita mbili tatu mbali na paa, pipa liwe na mfuniko unaofungwa, dirisha la jikoni liwe na wavu, na asiwepo hata mtu mmoja wa kuwarushia chakula. Huyo mmoja huharibu kazi ya mtaa mzima. (Mbega, masikini, ambao hula majani na hawana haja na jiko la mtu, ndio wanaoumia sana kwa nyaya na magari yetu.)

Pingamizi kubwa kuliko yote ni la magonjwa, nami silipuuzi hata kidogo. Popo hubeba virusi. Virusi vya Shimoni, ndugu wa kichaa cha mbwa, vilitambuliwa kwa popo wa pangoni karibu na mji wa Shimoni, pwani ya Kenya, mwaka 2009. Mwaka 2007 mwanamke wa Kiholanzi alikwaruzwa usoni na popo mdogo akiwa kambini kati ya Nairobi na Mombasa. Kidonda kilionekana si kitu, hakupata chanjo, na Desemba alifariki kwa virusi vya Duvenhage, vya jamii hiyohiyo. Virusi vya Bombali, jamaa wa Ebola, vilipatikana kwanza Sierra Leone na baadaye Taita, Kenya, kwa popo hawahawa wanaoishi kwenye majengo, ingawa hakuna mgonjwa binadamu anayejulikana. Yote hayo ni kweli. Lakini yanaelekea wapi? Kila moja ya habari hizi inasema: punguza kugusana kati ya mtu na popo. Kuua huongeza kugusana, kwa kuwa huleta watu darini, popo waliolegea sakafuni na mizoga mikononi. Kutoa kwa wavu hakumgusi popo hata mmoja. Aliyekwaruzwa au kuumwa na popo aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa na aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama alama ni ndogo kama ya sindano. Tukumbuke pia, tusije tukaelekeza hofu yote juu, kwamba karibu vifo vyote vya kichaa cha mbwa vinatokana na mbwa, na mbwa huchanjwa.

Upande wa pili wa mizani kuna faida ambayo haionekani kwa kuwa hutokea usiku. Popo hawa hula wadudu, wengi mno, wakiwamo nondo wa mashamba na wale wanaozonga taa. Akitolewa darini hafi. Huhamia mti, ufa wa mwamba, au jengo jingine. Hapo jirani atalalamika, na ana haki. Jibu ni kwamba kijisanduku cha mbao kinachotundikwa juu ukutani au kwenye nguzo, mbali na vyumba, kinaweza kuwapokea, na kwamba kuziba kwa mtaa mzima ni bora kuliko kwa nyumba mojamoja. Nakiri kuwa kijisanduku hakikubaliwi na popo kila mara. Hilo haliathiri hoja, lakini asiahidiwe mtu asichoweza kukipata.

Kunguru ni kisa kigumu zaidi, na lazima nikiri mpaka wa hoja yangu hapo. Kunguru wa Bara Hindi si wenyeji. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale takataka, wakavuka hadi bara, na miaka ya 1940 walikuwa wamefika Mombasa. Huvamia viota vya ndege wa asili, huiba vifaranga, hunyakua chakula mezani. Juni 2024 mamlaka ya wanyamapori ya Kenya ilitangaza mpango wa kuondoa kunguru milioni moja kufikia mwisho wa mwaka, kwa sumu maalumu. Siwezi kusema kuwa serikali haina haki ya kupunguza ndege mgeni anayemaliza ndege wa nchi. Hii ni kazi ya wataalamu, kwa dawa inayosimamiwa, kwa lengo la kulinda viumbe wengine, na ni tofauti na mtu kumwaga sumu darini kwake. Lakini tuangalie historia. Zanzibar iliwaua kunguru kwa maelfu miaka ya 1990, idadi ikashuka sana, kampeni ilipokoma ikapanda tena. Dampo lililo wazi, machinjio yasiyo na shimo la utumbo, soko la samaki linalotupa vichwa vya samaki mchangani: hivi ndivyo vinavyomlisha kunguru. Hata pale ambapo kuua kunahalalika, bila kufunga chanzo ni gharama isiyo na mwisho, na mhasibu yeyote wa halmashauri angeweza kuithibitisha kwa vitabu vyake.

Watakaosema kuwa kuziba paa ni kuua hewa wana hoja ya msingi. Pwani ni joto, na uwazi wa juu ya ukuta uliachwa na wahenga kwa sababu: hewa ya moto hutoka pale. Sipendekezi ujazwe saruji. Wavu wa chuma wenye vitundu visivyozidi milimita sita hupitisha hewa na kuzuia popo, panya na nyoka anayemfuata panya. Ukitiwa wavu wa mbu nyuma yake, faida huwa kubwa zaidi. Utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilizowekewa wavu, ama kwenye dari peke yake ama nyumba nzima, zilikuwa na mbu wa malaria pungufu kwa karibu nusu au zaidi, na watoto waliokuwa humo walikuwa na upungufu mdogo wa damu kuliko wa nyumba zisizo na wavu. Kwa kazi moja ya kuziba, basi, familia hujikinga na popo, panya, nyoka na mbu. Sijui kampuni ya kupuliza dawa inayoweza kutoa orodha hiyo.

Inabaki gharama, na nani ailipe. Hapa huwa tunamwonea mpangaji. Dar es Salaam na Arusha mtu hulipa kodi ya miezi sita, mara nyingine ya mwaka, kabla hajaingia, kisha akilalamikia popo huambiwa anunue dawa. Hana ruhusa ya kugusa paa, hana sababu ya kutengeneza nyumba ya mwingine, na mkataba wake haukutaja dari. Kuziba ni kazi ya mwenye nyumba kama ilivyo kazi yake kuzuia mvua, na iingizwe kwenye mkataba kwa maneno hayo. Kwa nyumba mpya gharama ni ndogo mno: mita chache za wavu na siku moja ya fundi wakati ngazi na jukwaa bado vipo. Kwa nyumba ya zamani ni zaidi, lakini bado ni chini ya kubadilisha silingi iliyolowa mkojo wa miaka mitano.

Halmashauri zinazotoa vibali vya ujenzi zina nguvu ambayo haitumiki. Michoro hukaguliwa kwa umbali kutoka barabarani, kwa choo na shimo lake, kwa ukubwa wa madirisha. Kichwa cha ukuta na migongo ya bati havitajwi. Kifungu kimoja kinachotaka uwazi wote wa paa uzibwe kwa wavu kabla jengo halijakaliwa kingefanya kazi kubwa kuliko kampeni zote za sumu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, ingefundisha kazi hii ndani ya somo la uezekaji, pamoja na mlango wa kutokea tu, kutambua vinyesi, na kumvalisha mfanyakazi kabla hajapanda darini. Leo anayeitwa kutoa popo ni yeyote mwenye bomba la kupulizia. Panahitajika mafundi wenye cheti, wanaotoa dhamana ya mwaka mmoja kwa kazi yao kama wanavyotoa wa mabomba, na wanaorudi bila malipo popo akionekana tena.

Mwenye nyumba asiyetaka kusubiri sheria anaweza kuanza Jumamosi hii. Azunguke nje na tochi mchana, atazame kila mgongo wa bati ulipokutana na ubao, apande ngazi achungulie kichwa cha ukuta chumba kwa chumba, aandike mahali palipo wazi. Orodha hiyo ndiyo ampe fundi, na malipo ya mwisho yasitolewe mpaka kila kilichoandikwa kimezibwa.